Lakers na Mataji Matano ya Minneapolis

SWALI: Mhariri, naomba uamue ubishi kati yangu na kaka yangu. Timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Lakers huhesabiwa mataji 17 ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, lakini yeye anashikilia kwamba matano kati ya hayo si yao, kwa kuwa yalipatikana katika mji mwingine kabisa. Je, ni kweli? Na jina hilo la Lakers lilitoka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu mji kaka yako amesema kweli, lakini hukumu yake siikubali. Mataji ya 1949, 1950, 1952, 1953 na 1954 yalitwaliwa timu ikiwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambalo hujiita Nchi ya Maziwa 10,000. Jina la Lakers, yaani watu wa maziwani, lilizaliwa huko, na timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1960 ililibeba jina hilo pamoja na historia yake yote.

Mwanzo wenyewe ulikuwa duni. Mwaka 1947 wafanyabiashara wa Minneapolis walinunua kwa dola 15,000 timu ya Detroit Gems, ambayo msimu uliotangulia ilishinda michezo 4 na kupoteza 40. Hata hivyo kushika mkia kuliwafaa, kwa sababu ligi nyingine ilipovunjika mwaka huohuo na wachezaji wake kugawanywa, timu iliyokuwa ya mwisho ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza ya kuchagua, nayo ikamchagua George Mikan, mchezaji wa kati mwenye miwani minene na kimo cha zaidi ya mita mbili.

Mikan aliwaelemea wapinzani kiasi kwamba tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons walifika Minneapolis na mbinu moja tu, nayo ni kushika mpira bila kuurusha kikapuni. Mashabiki walizomea, dakika zikapita wachezaji wakiwa wamesimama na mpira mikononi, na robo nzima ya mwisho ilizaa pointi nne tu kwa timu zote mbili. Fort Wayne walishinda 19 kwa 18, na kati ya pointi hizo 18 za Lakers, Mikan peke yake alifunga 15. Hadi leo hakuna mchezo wa NBA uliokuwa na pointi chache zaidi, na ni mmoja wa michezo iliyoifanya ligi kuanzisha mwaka 1954 saa ya sekunde 24, yaani muda ambao timu yenye mpira lazima iurushe kikapuni. Tayari mwaka 1951 eneo la chini ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, lilikuwa limepanuliwa kutoka futi 6 hadi 12 ili kumsogeza Mikan mbali. Kwa maoni yangu, timu iliyosababisha mabadiliko ya namna hiyo haiwezi kufutwa kwa sababu ya kuhama tu.

Mikan alipostaafu mashabiki walipungua, na ujio wa mchezaji nyota Elgin Baylor mwaka 1958 haukutosha kuinusuru timu mjini humo. Mnamo Januari 1960 ndege iliyowabeba wachezaji kutoka St. Louis ilipoteza umeme wake katikati ya dhoruba ya theluji, marubani wakaitua gizani katika shamba la mahindi huko Carroll, Iowa. Namshukuru Mungu kwamba wote walitoka salama. Miezi michache baadaye timu ilihamia Los Angeles.

Huko nako taji halikuja upesi. Katika miaka ya 1960 pekee walifungwa na Boston Celtics katika fainali sita, na ubingwa wao wa kwanza mjini Los Angeles ulipatikana mwaka 1972, msimu waliposhinda michezo 33 mfululizo. Kwa miaka 12, basi, hawakuwa na mataji mengine ya NBA ila hayo matano ambayo kaka yako anayakataa.

Kama anataka taji lisilohesabiwa, lipo moja, la mwaka 1948, kwa kuwa lilikuwa la NBL, ligi nyingine ya wakati huo. Na mnamo Oktoba 2022 klabu yenyewe iliipandisha juu jezi namba 99 ya Mikan, kwa heshima yake, katika ukumbi wa klabu wa Los Angeles, mji ambao hakuwahi kuuchezea hata mchezo mmoja.