Mnyama wa Hunter kwenye WoW Classic: kwa nini anaachia adui, na jinsi ya kumrekebisha

Mkuu, umeuliza kwa nini mnyama wako wa Hunter (mhusika wa mchezo anayepigana kwa mishale akisaidiwa na mnyama) anashika adui vizuri mwanzoni halafu adui anamwacha na kukujia wewe, na kwa nini kwenye kundi watu wanalalamika kwamba anavuta maadui ambao hakuna aliyewaomba. Nitajibu kwa sheria za World of Warcraft Classic (WoW Classic), toleo la zamani la mchezo huu wa mtandaoni, maana matoleo ya baadaye yalibadilisha mambo mengi, na ushauri wa huko ukiuleta huku utakupoteza. Majina ya vitufe nayaacha kama yalivyo kwenye skrini.

Kwanza angalia kama ana Growl, yaani uwezo wa kumfanya adui amkasirikie yeye badala yako. Mnyama uliyemkamata porini haji nayo, hata awe wa leveli ya 40. Unajifunza wewe kwa mwalimu wa wanyama mjini, kisha unamfundisha kupitia Beast Training, uwezo wako wa kumfundisha mnyama. Daraja jipya linapatikana leveli ya 10, 20, 30, hivyo hivyo mpaka 60. Growl haitumii pointi zozote za mafunzo, kwa hiyo hata mnyama wa leo asiye na pointi hata moja unaweza kumpa daraja linalolingana na leveli yake. Watu wengi wanafika leveli ya 35 na Growl ya leveli ya 20, halafu lawama anabeba mnyama.

Sasa tuje kwenye Focus, nguvu anayotumia mnyama kwa kila pigo, kwa sababu tatizo kubwa liko hapa. Mnyama ana Focus 100, nayo inarudi polepole. Growl inakula 15 na inaweza kurudiwa kila sekunde 5. Bite (kung'ata) inakula 35 kila sekunde 10. Claw (kupiga kwa kucha) inakula 25 na haina muda wa kusubiri. Soma tena hiyo ya Claw. Ukiiacha ijiendeshe yenyewe, kila Focus inapofika 25 Claw inaichukua, na Growl inapokuwa tayari inakuta mfuko mtupu. Wewe huku unaongeza Aimed Shot, mshale wako mzito, na adui ana kila sababu ya kugeuka.

Dawa yake: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Claw ili kuzima kujiendesha, ukiwa peke yako na adui mgumu. Acha Growl na Bite vikiwaka, piga Claw kwa mkono pale unapoona Focus imezidi 60. Kwa maadui laini wanaokufa ndani ya sekunde kumi, Claw iwashe tu, haina madhara. Dash (mbio za ghafla) nayo iangalie: inakula 20 wakati wa kukimbilia adui, yaani anafika vitani akiwa tayari amepungukiwa. Kama adui yuko karibu, haina kazi. Prowl (kunyatia) ya paka wakubwa ni mbaya zaidi ikijiendesha, kwani inampunguzia mwendo. Unaweza kujikuta umeshafyatua mishale mitatu na yeye bado ananyatia.

Kuhusu wewe mwenyewe: adui anayepigana na mnyama hakugeukii mara tu unapompita mnyama kwa hasira, yaani kiasi ambacho adui anakuchukia kwa mapigo yako. Ukiwa mbali, lazima ufikishe asilimia 130 ya hasira aliyoijenga mnyama. Ukiwa karibu, umbali wa upanga, asilimia 110 inatosha. Kwa hiyo simama mbali, mtume mnyama, subiri Growl ya kwanza ishike, anza na Serpent Sting (mshale wa sumu) na Auto Shot (mishale ya kawaida inayojiendesha), na Aimed Shot iwe baada ya Growl ya pili. Kuanzia leveli ya 30 una Feign Death (kujifanya umekufa), inayofuta hasira yako yote huku mnyama akiendelea kupigana. Itumie kabla adui hajageuka, maana wakati mwingine inakataliwa, na ukishakuwa na adui mdomoni huna nafasi ya kujaribu tena.

Njaa. Alama ya uso wa mnyama, inayoonyesha furaha yake, ikiwa ya kijani anapiga asilimia 125 ya kawaida, ya njano 100, nyekundu 75. Kati ya kijani na nyekundu ni kama wanyama wawili tofauti kabisa, na kwa kuwa madhara anayoleta ndiyo sehemu ya hasira anayojenga, mnyama mwenye njaa anaachia adui haraka. Kulisha kunachukua sekunde 20 na kunakatika akiingia vitani, hivyo mlishe kabla ya kuvuta adui, si katikati. Akifa, furaha inashuka sana. Ukimfufua mlishe papo hapo. Chakula kisiwe cha leveli ya chini mno kuliko yake, atakikataa au kitamshibisha kidogo. Makro (amri fupi unazoweka kwenye kitufe kimoja) rahisi kwa anayekula nyama:

/cast Feed Pet
/use Roasted Quail

Badilisha jina la chakula kulingana na mfuko wako. Kama hutaki shida ya chakula, chukua nguruwe mwitu: anakula karibu kila kitu kinachookotwa, na Charge yake inamfikisha kwa adui haraka. Paka ni nyama na samaki tu.

Ukishamlisha kwa muda, uaminifu wake unapanda kutoka daraja la 1 hadi la 6. Pointi za mafunzo ni leveli yake mara daraja la uaminifu ukitoa moja, kwa hiyo wa leveli ya 60 aliyefika daraja la 6 ana pointi 300. Zitumie kwanza kwenye Great Stamina (uhai zaidi) na Natural Armor (ngozi ngumu zaidi), kisha Bite. Kinga za moto na baridi ziache mpaka uwe na safari maalumu, kama Molten Core.

Kwenye kundi mambo yanageuka. Zima Growl kabla ya kuingia, la sivyo mnyama anamnyang'anya adui tanki (mchezaji anayebeba mapigo ya adui) na kumzungusha mbele ya waganga (wachezaji wanaoponya wenzao). Weka mnyama kwenye hali ya Passive. Defensive inaonekana salama, lakini inamfanya amrukie yeyote anayekugusa, akiwemo adui uliyemgandisha kwenye Freezing Trap sekunde mbili zilizopita. Aggressive, ambapo anamrukia adui yeyote aliye karibu, usiiguse kabisa. Kwa Passive anashambulia pale tu unapomwamuru, na adui akifa anarudi kwako. Makro mbili zinatosha:

/petattack [harm,nodead]

na ya kumrudisha:

/petpassive
/petfollow

Ziweke kwenye vitufe ambavyo vidole vinafika bila kufikiri. Usiibandike /petattack kwenye kila mshale, kwani siku utakapobadilisha shabaha kwa bahati mbaya atamng'ata adui ambaye Mage (mchawi wa kundi) amemgeuza kondoo. Wenye sokwe wazime Thunderstomp (pigo lake la kukanyaga ardhi) pia, inapiga eneo zima na kuwaamsha wote waliolazwa.

Kuhusu kuvuta kundi la pili, kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kuruka. Ukiruka kutoka juu kwenda chini, kwa mfano ndani ya Blackrock Spire, mnyama anaweza asiruke nawe. Anatafuta njia ya kuzunguka, anapita katikati ya maadui, kisha anakuja nao wote nyuma yake. Tumia Dismiss Pet kabla ya kuruka, mwite tena chini. Inagharimu sekunde chache na furaha kidogo, si kitu. Ya pili ni maadui wenye umbo la binadamu: wakibakiwa na uhai mdogo wanakimbia, na mnyama anawafuata mpaka kwenye kambi yao. Concussive Shot (mshale unaompunguzia adui mwendo) iwe tayari kwa ajili ya hilo, na kama imechelewa, bonyeza makro ya kumrudisha na ummalize mkimbizi kwa mshale.

Kwa Mend Pet ya Classic, inayomponya mnyama, lazima usimame na uielekeze kwa sekunde 5, ndani ya yadi 20. Huwezi kufyatua wakati huo, hivyo usisubiri afike asilimia 20 ya uhai; ianze akiwa karibu nusu, hasa kwa adui mwenye nguvu. Revive Pet inachukua sekunde 10 na anaamka na asilimia 15 tu, kwa hiyo katikati ya pambano karibu haina maana.

Kwa mabosi (maadui wakubwa) wenye pigo la kufagia mbele, mlete kutoka nyuma: simama wewe upande wa mkia ndipo umtume. Akitokea mbele atapita kwenye pigo kabla hajafika mahali pake. Boss akianza kutoa moto wa eneo zima, mrudishe mapema, na ukimwona yuko chini ya nusu usimtume tena mpaka Mend Pet imalize.