Mbwa mwitu alilishwa na nani?

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo ni sawa kuwaachia watoto wetu riwaya za vijana zilizojaa miungu ya kale ya Skandinavia, akina Odin, Thor na Loki, ilhali wengi wao hata dini ya nyumbani hawajaielewa vizuri. Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya benki nikakasirika, na hasira ile haijatulia hadi leo, ndiyo maana naandika. Jibu langu la haraka ni kwamba ni sawa kabisa. Mtu mzima anayedhani mtoto wa Tanga ataanza kumtambikia Thor kwa sababu amesoma kurasa mia nne zinazohusu nyundo yake, huyo hajawahi kukaa akamtazama mtoto anaposoma.

Kuhusu dini sitakawia. Sehemu kubwa ya visasili hivi tunaijua kwa sababu ya Snorri Sturluson, mwanasiasa na mshairi wa Aislandi, aliyeandika kitabu kiitwacho Edda kwenye miaka ya 1220. Waaislandi walikuwa wameupokea Ukristo karne mbili kabla yake, kwa hiyo Snorri alikuwa Mkristo aliyezaliwa na Wakristo, naye aliandika ili washairi chipukizi wa zama zake wasishindwe kufumbua mafumbo ya mashairi ya wazee wao. Anayezungumza Kiingereza hulitaja jina la Tyr, mungu mwingine wa kundi hilo, kila Jumanne (Tuesday) na la Thor kila Alhamisi (Thursday), na sijasikia shehe wala padri aliyemkanya. Hata katika riwaya tatu za Rick Riordan zilizotoka kati ya 2015 na 2017, ambazo nadhani ndizo mlizozikusudia, mmoja wa wahusika wakuu ni Samirah, msichana Mwislamu anayevaa hijabu na kushika imani yake huku akifanya kazi ya kuwapeleka mashujaa waliokufa Valhalla, kwenye ukumbi wa Odin. Naomba hilo tuliache hapo.

Kilichonigusa zaidi ni neno moja katika swali lenu, nalo ni "kuwaachia". Mimi kitabu cha namna hiyo niliachiwa, na nataka kusimulia ilivyokuwa.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja. Nilikwenda muhula wa pili nikiwa na riwaya niliyoinunua Posta, Dar es Salaam, kwa mmoja wa wale wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza vitabu vyao chini kando ya barabara. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwisho hazikuwepo, kwa hiyo mpaka leo siwezi kuwaambia jina lake wala mwandishi wake. Kilikuwa cha Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na kijana aliyetumwa kumtafuta mbwa mwitu Fenrir kabla kamba zake hazijakatika. Bweni letu lilikuwa na vitanda vya deka ishirini na viwili. Baada ya prepu taa zilizimwa saa nne kamili, nami nikiwa kitanda cha juu kando ya dirisha nilianza kuwasimulia wenzangu kwa Kiswahili yale niliyoyasoma mchana chini ya dawati. Usiku wa kwanza walinisikiliza wanne. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanahamia sakafuni karibu na kitanda changu na mablanketi yao, na mimi nikisema "Paukwa" walijibu "Pakawa" kwa kunong'ona ili matroni asisikie.

Usiku ninaoukumbuka ni ule wa kumfunga mbwa mwitu. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mbwa mwitu wa Ulaya, kwa hiyo kila mmoja wetu alimwona fisi, tena fisi wa ukubwa wa ng'ombe. Nilieleza kwamba Fenrir ni mtoto wa Loki, kwamba miungu walimchukua akiwa mdogo wakamlea kwao, na kwamba kadiri alivyokua ndivyo walivyozidi kumwogopa, hata ikawa anayethubutu kumkaribia na chakula ni Tyr peke yake. Nikaeleza mnyororo wa kwanza, akaukata. Nikaeleza wa pili, akaukata. Ndipo miungu wakatuma ujumbe kwa vibete mafundi wanaokaa chini ya ardhi, nao wakasuka kamba nyembamba, laini kama utepe wa hariri, kwa vitu sita: kishindo cha mnyato wa paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya jabali, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Hapo bweni lilisahau kunong'ona. Mmoja akasema hivyo ni vitendawili, mwingine akasema ndevu za mwanamke zipo, aulizwe bibi yake, tukacheka mpaka kiranja akagonga chuma cha kitanda.

Nikaendelea. Miungu wakamwambia Fenrir kwamba ni mchezo tu, ajaribu nguvu zake kwenye kautepe hako, na akishindwa watamfungua. Mbwa mwitu akaitazama kamba, akasema kwamba kitu chembamba namna hii, kama hakina hila, hakitamletea sifa yoyote akikikata, na kama kina hila, hataki kiguse miguu yake. Akaomba mmoja wao aweke mkono kinywani mwake uwe rehani. Wakatazamana. Tyr akauweka mkono wake wa kulia. Kamba ikakaza, mbwa mwitu akajitutumua na kila alivyojitutumua ndivyo ilivyozidi kukaza, miungu wote wakacheka isipokuwa Tyr, na mkono ukaenda.

Nilitarajia makelele. Badala yake kulikuwa kimya, kisha mwenzetu wa kitanda cha chini, ambaye wazazi wake walikuwa wamefariki na ambaye likizo zote alikuwa akienda kwa baba yake mkubwa, akasema taratibu, "Kumbe walikuwa wanamlisha huku wanamwogopa." Hakuna aliyejibu. Nililala nikisikia anageuka-geuka.

Asubuhi, kwenye karo la kufulia, kesi ilifunguliwa. Upande mmoja ulisema mbwa mwitu alitabiriwa kuiangamiza miungu, kwa hiyo ilikuwa lazima afungwe. Upande wa pili, uliokuwa mkubwa zaidi, ulisema alikuwa hajafanya kosa lolote siku ile, na kwamba walioapa uongo ni wakubwa. Tulibishana mpaka sabuni zikayeyukia kwenye ndoo. Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu sababu za vijana kupenda riwaya za namna hii, kwamba wanapenda mapanga, wanapenda safari, wanapenda kukimbia uhalisia, na kila mara nakumbuka karo lile. Sisi hatukuwa tumekimbia chochote. Wasichana wa miaka kumi na minne, ambao miili yao ilikuwa inakua haraka kuliko walezi wao walivyopenda, walikuwa wamekutana na mtoto aliyetendewa vibaya kwa kosa la kukua.

Kelele hizo ndizo zilizotuponza. Matroni alisikia neno "miungu", akapekua tranka langu, akakichukua kitabu na kusema kwamba hataki mashetani bwenini mwake. Kwa wiki mbili ilinibidi niendelee kusimulia bila kitabu, maana wenzangu hawakukubali hadithi ikatike. Nikabuni. Nikamfanya yule kijana aikate kamba kwa huruma, na mbwa mwitu aliyefunguliwa akalamba mikono ya watu akaenda zake msituni. Walinizomea. Mmoja alisema, na sitamsahau, kwamba aliyefungwa miaka yote hiyo kwa uongo halafu akafunguliwa asiume mtu, huyo si mbwa mwitu, ni mbuzi. Wakanilazimisha nirudie usiku uliofuata, na safari hii ammeze mkubwa wa miungu mwenyewe. Nilifanya hivyo nikiona wamekuwa wakatili mno. Miaka mingi baadaye niliposoma tafsiri ya Edda nilikuta kwamba bweni lilikuwa sahihi: siku ya Ragnarök, yaani vita vya mwisho vya miungu, Fenrir anammeza Odin, na Vidar mwana wa Odin analipiza kisasi kwa kuukanyaga utaya wake na kiatu kilichoshonwa kwa vipande vya ngozi ambavyo watu hukata kwenye ncha na visigino vya viatu vyao. Snorri anasema kwamba anayetaka kuwasaidia miungu avitupe vipande hivyo. Sipiti kwa fundi viatu siku hizi bila kutazama chini.

Humo humo kwenye Edda niliona pia jambo ambalo riwaya za vijana hupenda kuliruka. Baada ya kufungwa, mbwa mwitu alitumbukizwa upanga kinywani uwe kabari, mate yakamchuruzika yakawa mto, na mto huo unaitwa Ván, yaani tumaini. Anayesimuliwa ndani ya kitabu anauliza kwa nini miungu hawakumuua tu, naye anajibiwa kwamba waliheshimu mahali pao patakatifu kiasi cha kutotaka kupachafua kwa damu yake. Uongo ule haukuwachafulia kitu. Riordan ninampenda, nimecheka naye sana, lakini kwake Fenrir ni mwovu mwenye ulimi mtamu na ushindi ni kumfunga upya. Sioni kosa la ufundi hapo. Ila kesi ya karo inakuwa imekwisha kabla mashahidi hawajaitwa.

Nirudi kwa matroni, kwa sababu nimemweka vibaya. Siku ya kufunga shule alinirudishia kitabu kikiwa kimefungwa kwa gazeti, bila neno. Nilikifungua kwenye basi. Mimi sikunji kurasa za vitabu, sijawahi, lakini kona ya ukurasa mmoja ilikuwa imekunjwa ndogo, kwa uangalifu, nao ulikuwa ule ambao Tyr anauweka mkono kinywani. Mama yule alilala chumba cha mwisho wa korido yetu mwaka mzima, akiwaamsha wagonjwa kumeza dawa usiku wa manane, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria wakati tulipokuwa tunahukumu walezi.

Nilianza kwa kusema ni sawa kabisa. Nikiangalia nilichoandika hadi hapa, naona sina hakika tena kama nilimaanisha hivyo. Siku hizi ninaishi na mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili, na anasoma riwaya hizi kwa kasi inayonitia hofu ya bei yake. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu, ambalo najua sikulijibu sawasawa, ni kwamba hapana, asiachiwe. Apewe, na anayempa akisome naye, si kwa ajili ya kuchuja miungu, bali kwa sababu kitabu kinachomfundisha mtoto kwamba wanaomlisha wanaweza kuwa wanamwogopa hakipaswi kumkuta peke yake gizani. Natambua kwamba mimi nilikisoma bila mtu mzima yeyote na hakikunidhuru, na kwamba lau matroni angekaa nasi sakafuni usiku ule, yule mwenzetu wa kitanda cha chini asingesema alilolisema. Pengine basi mtu mzima asome chumba cha pili, na mlango uwe wazi.

Juma lililopita nilimsomea kijana huyu kisa cha kamba kutoka Edda yenyewe, nikitafsiri papo hapo, na nilipofika kwenye mkono nikasoma polepole kwa heshima zote za ukurasa ule uliokunjwa. Nikamwambia kwamba Tyr peke yake ndiye ambaye hakucheka. Akatafuna ukucha kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mama mdogo, kama alikuwa anajua, na yeye ndiye aliyekuwa anamlisha, kwa nini hakumwambia?"