Picha huchanganywa, hushonwa au huunganishwa?

Swali: Natafsiri maelekezo ya programu ya kuhariri picha. Kuna sehemu inayoeleza jinsi picha kadhaa "zinazopishana" zinavyofanywa kuwa picha moja pana. Mimi nimeandika "kushona picha", mwenzangu anashikilia "kuchanganya picha". Lipi ni sahihi?

Jibu: Andikeni kuunganisha. Lakini kinachonisumbua zaidi ni hilo "zinazopishana", kwa sababu linamwambia msomaji kinyume cha mnachokusudia. Pishana imetoka kwenye pita na pisha. Magari yakipishana, kila moja linakwenda zake bila kugusana. Kauli zikipishana, hazipatani. Atakayefuata maelekezo hayo kwa uaminifu atapiga picha zisizokutana popote, na programu itashindwa kazi. Neno lenu ni kupandana, kama vigae vya paa: ukingo wa kimoja umelala juu ya mwenzake. Kwa mfano: "Pandanisha picha zako, kila moja irudie karibu asilimia 30 ya iliyotangulia."

Turudi kwenye kitenzi. Chukua mti ulio ukingoni kulia mwa picha ya kwanza. Unaonekana tena kushoto mwa ya pili. Programu hutafuta alama zinazolingana, tawi hili na tawi lile, ikaizungusha na kuipinda kidogo picha ya pili mpaka miti miwili iwe mmoja, kisha ikasawazisha mwanga. Hapo hakuna kilichochanganywa, isipokuwa kidogo pale picha zinapokutana. Ukichanganya maziwa na maji, huwezi tena kuonyesha maji yako wapi, ilhali hapa kila picha imebaki na eneo lake. Kuchanganya kuna kazi yake nyingine: picha za mandhari ileile zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga, moja ikiwa na anga iliyotoka vizuri na nyingine ardhi, zikalazwa nzima juu ya nzima ili kupata picha moja. Huko mwenzako atakuwa sahihi kabisa.

Kushona kunaeleweka, ila kunamrudisha msomaji kwenye sindano na uzi. Kitenzi hicho nisingekitumia, lakini nomino yake naipokea kwa mikono miwili: mshono. Pale picha mbili zinapokutana, tofauti ya mwanga ikiacha mstari angani, sijui neno litakaloeleza kasoro hiyo kwa wepesi kuliko "mshono unaonekana".

Kwa nini basi si kuunga tu? Tunaunga kamba iliyokatika, na mfupa uliovunjika huunga. Ncha hukutana na ncha. Kuunganisha kumejengwa juu ya ungana, na ile -an- ni ya kutendana: kila picha inashikana na jirani yake kwa sehemu wanayoimiliki pamoja. Ni -an- hiyohiyo iliyo ndani ya pandana, na napenda sana jinsi vitenzi hivi viwili vinavyoelezana.

Jihadharini na "picha unganishi". Kiishio -i humwelekea mtendaji, kama kiunganishi kinachounga maneno katika sentensi. Programu ndiyo unganishi, picha imeunganishwa. Semeni "picha iliyounganishwa", au panorama, ambayo tayari imezoeleka na inakaa vizuri katika ngeli ya I-/ZI-: panorama hii imekamilika, panorama hizi zimekamilika.