Mke Mzambia mwenye kibali daraja B: kitambulisho cha NIDA anakipataje

Mkuu, umeeleza kwamba mkeo ni Mzambia wa Nakonde, anafundisha shule binafsi pale Vwawa kwa kibali cha ukaazi daraja B, kile cha mgeni aliyeajiriwa, na unataka kujua aanzie wapi ili apate kitambulisho. Pia umesema mtu wa steshenari amemshauri ajaze fomu ya raia kwa kuwa ameolewa na Mtanzania. Naanza na hilo la steshenari, ndilo la hatari.

Asiijaze kabisa. Ndoa peke yake haimpi mtu uraia wa Tanzania. Uraia unaombwa Uhamiaji kwa utaratibu wake, na nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, inasajili makundi matatu: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Mkeo ni mgeni mkaazi, basi. Huko mpakani watu huliona jambo dogo kwa sababu Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, lugha ni moja, na mtendaji wa mtaa akimsikiliza haoni tofauti. Lakini siku anapokwenda kuhuisha kibali, mtu huyo huyo anasomeka raia huku na mgeni kule. Hapo ni taarifa za uongo, ni kosa la jinai, na aliyegonga muhuri pamoja na wewe uliyethibitisha mnaitwa naye. Anaweza kupoteza kibali na kazi kwa fomu moja.

Sasa utaratibu. Kabla ya kwenda NIDA, kaeni mezani na karatasi tatu: pasipoti, kibali cha ukaazi, na kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi. Visomeni herufi kwa herufi. Maombi mengi yanakwama hapa. Chukua mfano wa jina la ukoo: upande wa Zambia huandikwa Simukonda, upande wetu Simkonda. Masikioni ni jina moja, kwenye mfumo ni watu wawili. Kama shule ilipeleka maombi ya kibali kwa tahajia ya kwetu, kibali ndicho kirekebishwe kwanza, kwa sababu pasipoti ndiyo mama wa yote.

Jina la kati nalo linasumbua. Fomu ina nafasi tatu, pasipoti ina majina mawili, na mtu anaona aibu kuacha pengo, anaweka jina la mume au la baba. Aache wazi. Kama wenzake shuleni wanamwita kwa jina lako, sawa, ila kwenye fomu anabaki na jina lililochapishwa kwenye pasipoti mpaka atakapobadilisha pasipoti yenyewe. Mahali pa kuzaliwa pia aandike kama pasipoti inavyosema. Mkoa wa Muchinga uliundwa mwaka 2011, kwa hiyo vyeti vya zamani vya watu wa Nakonde vinaonyesha Northern Province. Asijaribu kusahihisha kwa kichwa chake.

Tarehe ya kuzaliwa isomwe mara mbili, maana inaingia ndani ya namba yenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1991 namba yake inaanza 19910403. Karani akigeuza siku na mwezi, itaanza 19910304, na kosa hilo atakuwa nalo benki na kwenye laini ya simu. Ndiyo maana namsihi kila mtu aandike mwezi kwa herufi pale nafasi inaporuhusu.

Angalieni pia muda. Mgeni mkaazi anasajiliwa kwa nguvu ya kibali. Kama kimebaki miezi miwili, ahuishe kwanza, halafu aende na kipya. Na kibali cha daraja B kimefungwa kwa mwajiri: akihamia shule ya Mbeya mjini au Makambako, anahitaji vibali vya mwajiri mpya kabla ya kushika chaki. Wale wanaovuka kwa pasi ya matembezi, hata kama wana kibanda sokoni miaka yote, si wageni wakaazi.

Aende ofisi ya NIDA ya wilaya anakoishi. Abebe hati halisi na fotokopi: ukurasa wa picha wa pasipoti, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi. Aongeze barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na barua ya mwajiri. Zisipoulizwa atarudi nazo. Raia husajiliwa bure mara ya kwanza, mgeni mkaazi ana ada. Alipe kwa namba ya malipo ya serikali aliyopewa ofisini na atunze risiti. Pesa ya mkononi asimpe mtu yeyote.

Kisha picha, saini na alama za vidole. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu inakausha ngozi mpaka inapasuka, na mwalimu ana vumbi la chaki juu yake, mashine inakataa kidole baada ya kidole. Anawe kwa sabuni asubuhi, apake mafuta kidogo usiku uliotangulia, si mlangoni, na avipashe vidole joto kabla ya kuviweka. Kabla hajasaini aombe kusoma kioo cha kompyuta: majina, tarehe, jinsi, uraia, namba ya pasipoti. Dakika mbili hizo asizionee haya hata foleni ikinung'unika, kwa sababu kurekebisha baadaye ni maombi mapya na vielelezo vipya.

Namba hutangulia, kadi hufuata. Namba hiyo haimpi haki ya kupiga kura wala haibadilishi sheria ya ardhi inayomzuia mgeni kumiliki ardhi ya kijiji, kwa hiyo kama una wazo la kumwandikisha kiwanja kijijini kwa jina lake, liache. Pasipoti ikiisha na kupata mpya, namba ya pasipoti inabadilika: aanze Uhamiaji kuhamisha kibali, ndipo apeleke mabadiliko NIDA, na pasipoti ya zamani asiitupe.