Muulize Fundi: Gesi imejazwa mara tatu, maji bado yanadondoka

Mwezi huu ujumbe wenu kuhusu AC karibu wote umelowa. Sishangai, tuko Aprili. Nimechagua minne, na wa kwanza nitaujibu kwa urefu kwa sababu shida yake naijua mpaka kwenye mfuko wangu.

*Fundi, shikamoo. Nina mgahawa Mikocheni, ghorofa ya kwanza, na AC mbili za kaseti, zile zinazozama kwenye silingi, za BTU 48,000. Tangu mvua zianze, moja inadondosha maji juu ya meza namba nne. Fundi wangu ameshajaza gesi mara tatu. Kila akijaza, maji yanakata siku mbili halafu yanarudi. Sasa anasema mashine imechoka, ninunue nyingine. Nifanyeje?*
*Mama wa mgahawa, Mikocheni*

Marahaba, mama, na pole. Usinunue mashine. Na hela ya gesi ya mara ya nne iache kwenye droo.

Gesi ya AC haiishi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja mahali. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kimoja mara tatu. Ni kweli kwamba gesi ikiwa pungufu koili, yaani yale mabomba ya baridi ndani ya mashine, huganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji hudondoka. Lakini hapo mgahawa ungekuwa na joto, na wewe hujalalamikia joto hata kidogo. Kwa nini basi maji yanakata siku mbili? Kwa sababu akija anafungua lile pambo la chini, anagusagusa bomba la kutolea maji, yaani dreni, ute uliokwama ndani unasogea, maji yanapata upenyo. Anayekutibu ni mkono wake uliotikisa bomba, na yeye anadhani ni gesi.

Watu wananunua AC kwa ajili ya baridi, wanasahau kwamba inakamua hewa. Willis Carrier alipobuni mfumo wake mwaka 1902, kazi aliyopewa ilikuwa ya kiwanda cha uchapishaji Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Shida yao ilikuwa unyevu, na unyevu wa Dar mwezi wa nne unaujua, kanga ya jana bado mbichi kwenye kamba. Mashine yako moja, mlango ukifunguliwa na kufungwa kutwa na vyungu vikichemka jikoni, inaweza kutoa lita 4 hadi 6 kwa saa. Kwa masaa kumi hizo ni ndoo mbili na zaidi za lita 20. Kila siku. Zinapita kwenye bomba ambalo fundi wako pengine alilifunga dakika ishirini za mwisho, jioni, akiwaza daladala.

Sasa nisikilize habari ya mfukoni mwangu. Mwaka 2009 nilifunga AC kwenye duka la jumla Kariakoo, ghorofa ya pili. Bomba la dreni lilikuwa PVC, urefu kama mita kumi na mbili, nikalining'iniza kwa binding waya kila baada ya mita tatu. Siku ya kukabidhi nilimwaga kikombe cha maji kwenye trei inayokinga maji chini ya koili, yakatoka kule mwisho, nikalipwa, nikaondoka. PVC ikikaa juu ya silingi bodi kwenye joto la bati inalegea. Kila kati ya waya na waya bomba lilishuka likafanya tumbo. Tumbo likajaa maji, maji yakashika vumbi, vumbi likawa ute kama wa mlenda. Jumamosi moja ya masika trei ikafurika juu ya marobota ya kanga. Nilipofika, mwenye duka hakusema neno. Alinionyesha tu robota la juu, rangi nyekundu imechuruzika mpaka sakafuni, na kanga ya kwanza imeandikwa WEMA HAUOZI. Nililipa kwa mafungu mpaka mfungo wa Ramadhani.

Kwa hiyo mwambie fundi wako apande na ngazi, aondoe bodi mbili tatu kando ya njia ya bomba, atazame matumbo. Bomba linatakiwa lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda tena popote, na lishikwe kila mita moja hivi kwa vibanio vya kweli. Kupima asitumie jicho. Atafute mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ule ule waashi wanaotumia kupigia levo msingi. Ncha moja aishike yeye kwenye mashine, ncha nyingine msaidizi wake kule bomba linakotokea nje. Maji yakitulia usawa wa pale bomba linapoanza kushuka, wapige alama ukutani kila upande. Kama njia ni mita 9, bomba upande wa nje likae sentimita 9 chini ya alama, au zaidi. Mpira huo ni bei ya sahani ya chipsi na haudanganyi.

Kwa kuwa ni kaseti, ndani ina pampu ndogo ya kunyanyua maji. Nyingi zinanyanyua kama sentimita 75, lakini kitabu cha mashine ndicho kinachosema. Bomba lipande wima palepale karibu na mashine, lisizidi sentimita 30 kutoka kwenye tundu lake, halafu lianze kushuka na lisinyanyuke tena. Nimeona mafundi wakilala na bomba mita nne ndipo walipandishe. Pampu ikizimwa, maji yote ya hizo mita nne yanarudi kwenye trei, na hapo ndipo meza namba nne inaponyeshewa wakati AC haiwaki kabisa. Chunguza hilo: je, inadondosha zaidi mara tu mnapoizima? Kama ndiyo, tayari una jibu.

Wakimaliza, wasijaribu na kikombe kama mimi. Wamwage lita tatu polepole pembeni ya trei, AC ikiwa inawaka kwenye baridi, nawe simama chini uone pampu inavuta na maji yanatoka nje. Na waweke tii, kile kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, yenye kifuniko mahali panapofikika, ili kila miezi mitatu mtu asukume maji kusafisha ute bila kubomoa kitu.

*Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni fundi kijana, Mbagala. Nimefunga mashine ya dakti, ile inayopitisha baridi kwenye njia za bati, yenye nguvu ya kupoza ya tani 10, kwenye ukumbi wa sherehe. Ikiwaka, maji hayatoki kwenye dreni hata tone. Ikizimwa, yanamwagika kama bomba la DAWASA limepasuka. Mteremko nimeupima, uko sawa. Nimekosea wapi?*

Mdogo wangu, hukukosea mteremko, umesahau trapu. Feni ya mashine yako iko baada ya koili, inavuta hewa kupitia humo. Sehemu yote ya trei imo ndani ya mvuto huo, na tundu la dreni limekuwa pua: linavuta hewa kutoka nje na kuyazuia maji yasitoke. Weka kiganja kwenye mdomo wa bomba mashine ikiwaka, utakihisi kinavutwa. Unachohitaji ni lile pindo lililo chini ya sinki, linaloshika maji ili yawe kizibo.

Ila usilikisie. Pima mvuto kwenye trei. Tuseme ni paskali 250, sawa na milimita 25 za maji. Mdomo wa kutokea wa trapu ukae chini ya tundu la trei kwa milimita 25 hizo, ongeza 25 nyingine za usalama, jumla 50. Kizibo chenyewe, yaani maji yanayobaki kwenye pindo, kiwe nusu yake, milimita 25. Na pima kwa filta chafu. Filta ya ukumbi wa harusi ikijaa vumbi na unga wa keki, mvuto unapanda, na trapu iliyotosha siku ya kukabidhi haitatosha baada ya miezi miwili. Mimi huongeza kidogo hapo, na sijawahi kujuta.

Utaniambia chini ya mashine hakuna nafasi ya milimita hizo zote. Najua. Ndiyo maana mashine inyanyuliwe kwenye miguu kabla haijajazwa gesi, na ndiyo maana kila saidia fundi wangu anaanza na kuchora njia ya maji ukutani kwa chaki. Mashine unaweza kuisogeza, dakti unaweza kuipinda, waya unapita popote. Maji hayakubali kupinda kwenda juu. Tukikutana na bimu katikati ya njia, mashine ndiyo inayohama.

Na mwisho wa bomba usiuchomeke moja kwa moja kwenye bomba la choo au chemba ya septiki. Uishie juu ya tundu la sakafu, uachie uwazi unaoonekana. Ukumbi ukifungwa wiki tatu, trapu inakauka, na bibi harusi atapokewa na harufu ya septiki kutoka kwenye AC. Hata ukiacha uwazi huo, kabla ya kuwasha baada ya mapumziko marefu mimina lita moja ya maji kwenye trei, trapu ijae.

*Ndugu Fundi, nasimamia ofisi iliyoko Posta. Silingi bodi ina madoa ya kahawia kufuata mstari wa dakti. Dreni imejaribiwa, ni nzima. Halafu chumba cha mwisho, cha wahasibu, hakipati baridi, na dakti inavuma kama treni.*

Hapo una mambo mawili, na yote yametokana na mtu kubana.

Madoa ni jasho. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 kinaanza kutoka jasho, kama chupa ya soda iliyowekwa mezani. Ndani ya dakti yako inapita hewa ya nyuzi 13 au 14. Sasa juu ya silingi bodi hakuna AC, kuna hewa ya nje iliyojipenyeza. Pamba ya kioo iliyozungushiwa dakti inafaa tu kama ile foili yake haina upenyo. Panda uangalie kwenye maungio, kwenye pembe, na hasa pale vyuma vya kuning'inizia vinapoibana. Utakuta foili imechanwa, au tepu iliyotumika ni ile ya kufungia maboksi, imebanduka. Pamba iliyolowa haikaushwi, inakatwa na kutupwa. Weka mpya ya milimita 50 na foili, na kila mkato uzibwe kwa tepu ya foili kwenye sehemu kavu isiyo na vumbi. Lakini kabla ya pamba, maungio ya bati yenyewe yapakwe gundi ya kuzibia. Jengo moja nililowahi kuitwa, maungio yalikuwa wazi kiasi kwamba panya alikuwa analala hapo. Simlaumu, ndiyo sehemu pekee iliyokuwa na baridi.

Mvumo na wahasibu ni suala la ukubwa. Kila tani moja ya AC inasukuma hewa kama futi za ujazo 400 kwa dakika. Umeniandikia mashine ni tani 5, hivyo ni 2,000. Ili hewa ipite kwa kasi ya futi 1,000 kwa dakika, ambayo ofisi inaivumilia, dakti kuu inataka eneo la futi 2 za mraba: inchi 24 kwa 12. Yako, kwa vipimo ulivyonitumia, ni 12 kwa 12. Kasi imekuwa mara mbili, na ukinzani unakwenda mara nne au zaidi. Feni inachoka njiani, wahasibu wanabaki na feni za mezani.

Mabati hayo mafundi wa pale mtaa wa Gerezani, Dar, wanayakunja kwa siku chache ukiwapa mchoro mzuri. Kabla ya kufika huko, fuata kile kipande laini cha dakti kinachoingia chumba cha wahasibu. Naweka dau kimekunjwa kama mkonga wa tembo juu ya bodi. Fundi alikuwa na mita tano kwenye boksi akazitumia zote badala ya kukata. Kivutwe kinyooke, kisizidi mita moja na nusu, kisining'inie. Hilo ni la nusu siku, na linaweza kukuvusha mpaka bajeti ya mabati ipite.

*Fundi, maji ya AC tunayakinga kwenye ndoo. Yanaonekana masafi kuliko ya kisima. Tunaweza kunywa?*
*Mfanyabiashara, Tabata*

Hapana. Yamepita kwenye koili yenye vumbi na trei yenye ute. Piga deki, mwagilia maua, osha pikipiki. Na ndoo iwe na mfuniko wenye tundu la bomba tu, maana mbu wa dengi anapenda sana maji yaliyotulia ya namna hiyo.