Yaliharibika kwenye maziwa

Dada, umeuliza mapinduzi ya wanyama katika Shamba la Wanyama, hadithi ya George Orwell ya 1945, yaliharibika lini, ukataja siku mbwa walipomfukuza Snowball, nguruwe mmoja wa viongozi. Mimi nasema mapema zaidi, kwenye maziwa. Ng'ombe walikamuliwa, wenzao wakaenda kuvuna majani, kurudi jioni maziwa hayapo. Kisha matufaha nayo yakawa ya nguruwe peke yao. Walionung'unika wakaulizwa: kwani mnataka Jones, mwenye shamba tuliyempindua, arudi? Basi, kimya.

Hapa Ngamiani, Tanga, tuliisoma barazani kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Kawegere. Mzee mmoja hakuumizwa moyo na nguruwe waliobadili usiku amri za wanyama zilizoandikwa ukutani. Aliumizwa na punda, aliyejua kusoma sawa na nguruwe yeyote, akanyamaza.