Kereng'ende wa kaskazi wanatoka wapi?

SWALI: Assalamu alaikum Mwalimu. Huku kwetu Konde, Pemba, vuli ikielekea ukingoni na kaskazi ikianza kuvuma, kiwanja cha mpira hujaa kereng'ende wa manjano. Huzunguka mchana kutwa, sijapata kuwaona wakitua. Wanatoka wapi? Wazee husema ndio waletao mvua. Na je, wana sumu? Wajukuu zangu huwafunga uzi.
Bibi wa Konde

JIBU: Waalaikumu salaam, Bibi yangu. Kwa sifa ulizotaja hao ni kereng'ende ambao wataalamu huwaita Pantala flavescens, na inaelekea wengine wao wamevuka bahari kuja kwako.

Mtaalamu wa viumbe Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alishangaa kuwaona wakifika kwa wingi kila Oktoba kwenye visiwa ambavyo karibu havina maji yasiyo ya chumvi ya kuzalia. Mwaka 2009 aliandika kwamba hutoka Bara Hindi, hupanda juu zaidi ya mita 1,000 kuutafuta upepo wa kaskazi, kisha huteremka nao hadi Afrika Mashariki. Kusi ikishika, kizazi kingine hurudi. Mzunguko mzima alikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000, na hakuna mmoja anayeumaliza: hupokezana vizazi kama vinne. Mwaka 2012 mabawa ya waliokamatwa Maldives yalipimwa kikemia, ikaonekana walikulia kaskazini mwa Bara Hindi. Mdudu wa sentimita tano hivi! Mimi kila nikiwatazama hapa Wete nasimama njiani, watu wakanipita.

Mtazame bawa la nyuma, pale linapoungana na mwili. Ni pana mno, ndilo linalomwezesha kuelea bila kupiga mabawa sana. Na kutua hutua, ila jioni utamkuta amening'inia wima chini ya kijiti, si rahisi kumwona.

Wazee wameona kweli kwamba mvua na kereng'ende hufuatana. Ila wao ndio wanaoifuata mvua, kwani upepo unaowabeba huwafikisha inakonyesha. Jike huchovya mkia kwenye dimbwi jipya, lisilo na samaki wa kumla mwanawe, na huyo mwana hukua upesi, pengine kwa wiki sita tu, kabla maji hayajakauka. Humo majini hula viluwiluwi vya mbu, basi usiwaruhusu watu wamwage mafuta machafu madimbwini. Nenda asubuhi kwenye bonde la mpunga uangalie mashina: utaona magamba makavu ya kahawia yamepasuka mgongoni, na nyuzi nyeupe zimetokeza. Hapo ndipo mwana huyo alipojivua ngozi akatokea akiwa na mabawa.

Sumu hana, wala mwiba. Akibanwa hutafuna kidole, haumizi. Lakini uzi humkata mguu au kumvunja bawa, na bawa likivunjika haliungi. Waambie wajukuu wamshike mabawa yote manne yakiwa yamekunjwa juu ya mgongo, wayaone macho yake makubwa mekundu, kisha wamwachie aendelee na safari.